"Vumilia, Mama": Kuhakiki Majibu Yetu kwa Vilio vya Ndoa

Katika jumuiya zetu ndogondogo, kuanzia vijiji vya milima ya Vidunda mpaka Kidodi na Mikumi barabarani, kuna wakati ambao wengi wetu tunaujua. Neno limesomwa, nia zimeombwa, mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye shida. Mama mmoja anasema kwa sauti ndogo kwamba nyumbani kwake hakuna amani. Mume akishika fedha za miwa harudi mpaka usiku, na akirudi anapiga. Kimya kinaingia. Kisha majibu yanakuja: "Vumilia, mama, ndoa ni msalaba." "Tumwombee mzee wetu." "Na wewe jichunguze, labda una maneno mengi." Tunasali, tunafunga, tunatawanyika.

Hicho si kisa cha mtu mmoja. Tumekichanganya makusudi, ili asionyeshwe mtu kidole. Tunachotaka kuhakiki ni yale majibu matatu. Hatuhukumu mioyo ya waliojibu, maana wengi wao ni sisi wenyewe. Tunauliza tu: maneno yetu yalifanya kazi gani?

Katika kuuliza hivyo tunaazima chombo kutoka elimu inayoitwa saikolojia ya tabia. Elimu hii haianzi na yaliyofichika moyoni. Inaanza na maswali matatu: nini kilitangulia tendo, tendo lenyewe ni lipi, na nini kilifuata baada yake? Mmarekani B. F. Skinner (1904–1990) aliwachunguza panya na njiwa kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba tendo linalofuatwa na faida hurudiwa. Faida hiyo ni ya namna mbili. Kuna kupata kitu kizuri, kama punje ya nafaka. Kuna pia kuondokewa na kero, kama mtu anayevua kiatu kinachombana. Hizi zote mbili zinafundisha.

Sasa turudi kwenye kikao chetu. Yule mama alipoyasema yale, tulikaa vibaya. Mumewe tunamjua, pengine ni mwanakwaya mwenzetu, pengine ndiye aliyetoa mabati ya kigango. Maneno ya mama yalitubana kama kile kiatu. Tuliposema "vumilia," kilivuka. Mazungumzo yakaisha, tukapumua, na wiki nyingine kilio kama hicho kikija tutasema vilevile, kwa sababu mara ya kwanza kilitupa nafuu. Hapa ndipo elimu hii inapotuumbua. Tulidhani tunamfariji mama, kumbe tulikuwa tunajifariji sisi.

Tuwatazame na wengine wawili. Mama amesema, akajibiwa kwa lawama. Atajifunza nini? Kunyamaza. Na akija siku nyingine kushuhudia kwamba amesamehe, tunampigia makofi na vigelegele. Kwa hiyo kilio chake kinaadhibiwa na ukimya wake unatuzwa. Mume naye amepiga, na hakuna kilichofuata: hakuna mzee aliyemwendea, hakuna aliyemuuliza. Jumapili ameketi palepale alipozoea. Naye amefundishwa, na mwalimu wake ni sisi.

Kuna jambo jingine ambalo njiwa wa Skinner walilionyesha. Njiwa aliyezoea kupata punje mara mojamoja, bila kujua lini, huendelea kudonoa muda mrefu baada ya punje kukatika, kuliko yule aliyepewa kila mara. Wengi wetu tumejiuliza kwa nini mama anayepigwa haondoki. Baada ya kipigo huja siku ya kitenge, ya kilo ya nyama, ya machozi na ahadi. Haijulikani itakuja lini, lakini huja. Tumaini la namna hiyo linashika sana. Tukilielewa hili tutaacha kumwita mjinga au mpenda kupigwa.

Hata hivyo chombo hiki nacho kina upungufu wake. Mwaka 1971 Skinner aliandika kitabu akidai kwamba imani yetu katika uhuru na heshima ya binadamu inazuia kuijenga jamii bora. Hapo hatuwezi kumfuata. Mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu si njiwa. Daudi alipoendewa na nabii Natani, hakupewa punje wala kiboko. Aliambiwa ukweli kwa mfano wa kondoo wa maskini, akajiona, akatubu. Elimu ya tabia inaweza kutuonyesha kwamba tendo limepungua. Haiwezi kutuambia kwamba mtu ametubu. Tena haina neno la kusema tendo lipi ni jema. Anayetaka kumtawala mkewe anaweza kuitumia elimu hiyohiyo, akamtuza kwa utii na kumnyima akimhoji.

Vilevile tusiitumie pasipo pake. Mtafiti John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi huko Marekani, aliona kwamba ndoa zinazodumu, hata katikati ya ugomvi, huwa na matendo mema kama matano kwa kila baya moja, na kwamba dharau ni sumu kubwa. Hilo linafaa kufundishwa kwa wachumba wetu. Lakini si hesabu ya kumpa anayepigwa. Hakuna maneno matano matamu yanayofuta ngumi.

Wapo watakaosema kwamba kuacha kuhimiza uvumilivu ni kuvunja ndoa. Lakini Kanisa lenyewe halisemi hivyo. Sheria ya Kanoni ya 1983, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili kuishi mbali na anayemtesa. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya 2016, alikubali kwamba mbele ya ukatili kutengana kunaweza kuwa jambo la lazima. Nayo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Hata desturi zetu hazikumwacha mama peke yake. Wavidunda, kama Waluguru na Wasagara, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa mtu wa kusikilizwa mambo ya nyumba yanapoharibika. Bwana wetu naye, katika Mathayo 18, anatuelekeza kumwendea aliyekosa, kwanza peke yake, kisha pamoja na mashahidi. Anayeendewa ni mkosaji. Sisi tumeigeuza njia hiyo: tunamwendea aliyekosewa, tunamwomba anyamaze.

Basi kilio kikija tena, tuanze na yale maswali matatu, kwa upole na faraghani, si mbele ya watu ishirini: kilitangulia nini, alifanya nini, kikafuata nini? Tuulize kama usiku huu ana mahali salama pa kulala. Wazee wawili wamwendee mume, ikiwa mama ameridhia na haitamwongezea hatari. Kama kuna jeraha au tishio, tumsindikize hospitali na kwenye dawati la jinsia la polisi. Na baada ya wiki mbili turudi kuuliza, kwa sababu jibu lisilofuatiliwa haliwezi kujulikana lilizaa nini.

Na sala? Tusali, tena sana. Lakini tukimaliza kusali, mmoja wetu abaki na yule mama.