Deni la Maembe: Kumsoma Nagasena Mbele ya Mfalme Milinda

Mwaka juzi nilimkopesha rafiki yangu pesa za kodi ya nyumba. Baadaye jamaa akaingia kwenye mambo ya taamuli: kila alfajiri anakaa kimya nusu saa, simu kaizima, macho kayafumba. Nilifurahi, maana alikuwa mtu wa hasira. Lakini siku nilipomkumbusha deni, akanijibu kwa ule upole unaoudhi: "Kaka, yule uliyemkopesha hayupo tena. Wabuddha wanasema hakuna nafsi."

Nikacheka. Kisha nikakasirika. Kisha nikaenda kusoma.

Nilichosoma ni *Milindapanha*, yaani Maswali ya Milinda, kitabu cha kale cha lugha ya Kipali. Milinda ndiye Menander, mfalme wa Kiyunani aliyetawala kaskazini-magharibi ya Bara Hindi katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Sarafu zake zipo hadi leo, zikiwa na maandishi ya Kiyunani upande mmoja na ya Kihindi upande wa pili. Kitabu kinamweka katika mji wa Sagala, akihojiana na mtawa wa Kibuddha aitwaye Nagasena. Hatuwezi kuyachukua mazungumzo hayo kama kumbukumbu za baraza. Ni fasihi, na kama fasihi ndivyo ninavyotaka kuyasoma.

Mlango wa kuingilia ni swali jepesi kuliko yote: unaitwa nani? Mtawa anajibu kwamba watu humwita Nagasena, ila hilo ni jina tu la matumizi. Mtu wa kudumu nyuma ya jina hilo hapatikani. Mfalme anaruka. Anawaita Wayunani 500 na watawa 80,000 washuhudie maneno haya ya ajabu. Kama hakuna mtu, anauliza, nani anayepokea chakula na mavazi mnayopewa? Nani anayeshika maadili, nani anayeyavunja? Hata mtu akikuua wewe, basi hajaua!

Hebu tulia hapo kidogo. Swali la rafiki yangu na mimi limeshaulizwa ukurasa wa kwanza wa mjadala, tena na mfalme, mwenye uwezo wa kulijaribu kwa upanga.

Kisha Milinda anaanza kuhesabu. Nagasena ni nywele? La. Ni kucha? Meno? Ngozi? Anaendelea hadi kwenye viungo vya ndani, halafu hisia, utambuzi na fahamu. Uzuri wa sehemu hii unaweza kumpita msomaji asiyejua taamuli yenyewe. Orodha hiyo si ya kubuni palepale. Ni orodha ya sehemu za mwili ambayo watawa huipitia kimyakimya katika kutafakari, na vitu vitano vya mwanzo, yaani nywele za kichwa, nywele za mwili, kucha, meno na ngozi, hufundishwa mtawa siku anayoingia utawani. Mfalme anadhani anamhoji mwenzake. Kumbe mwandishi amemkalisha kwenye taamuli mwenyewe hajui.

Zamu ya Nagasena inapofika, anauliza mfalme amekuja kwa njia gani. Kwa gari la farasi. Haya, gari ni ekseli? Ni magurudumu? Ni nira? Ni hatamu? Yote la. Basi gari liko wapi, au mfalme mkubwa namna hii amesema uongo? Milinda anajitetea: si uongo, kwa sababu ya vitu hivyo vyote kuwa pamoja ndipo panapatikana jina "gari". Vizuri, anasema mtawa, na mimi ni hivyohivyo.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani, na kinatukwaza pia. Kinatukwaza kwa neno "utupu". Ukisema nafsi ni tupu, msikilizaji anakumbuka debe tupu lisiloacha kuvuma. Lakini Nagasena hasemi kwamba debe halina kitu ndani. Anasema debe lenyewe ni bati, lehemu na jina. Kinatusaidia kwa neno "nafsi". Shuleni tulifundishwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hapo nafsi si kitu kilichojificha kifuani. Ni nafasi katika mazungumzo. Chukua "nilikuja". Ile *ni-* inanitaja mimi, na kazi yake inaifanya barabara. Ing'oe sasa kwenye kitenzi uiweke peke yake mezani, uniambie inamtaja nani.

Hata hivyo, mfano wa gari una udhaifu, na wanaousifu mno huupita haraka. Gari haliumwi. Gari halikai macho usiku likijutia njia lililopita. Milinda angeweza kusema: "Bwana, gari langu halijawahi kusema 'mimi'." Hasemi. Anakubali upesi na kupiga makofi, na hapo unamwona mwandishi akimsukuma mfalme wake kwa mgongo. Ni kasoro ya kifasihi: mshindi alishapangwa.

Mfano huo una nguvu zaidi kule ulikotoka. Nagasena mwenyewe anakiri kuwa aliyeutoa kabla yake ni Vajira, mtawa wa kike wa zama za Buddha. Katika masimulizi ya Vajira hakuna baraza. Yuko peke yake msituni, ameketi chini ya mti, na Mara, yule mshawishi, anamjia kumtisha kwa maswali: nani amemuumba kiumbe huyu, anatoka wapi, anaishia wapi? Vajira anamjibu kwa gari. Kwa mtu mwenye hofu, peke yake, maneno hayo si ya kushinda mjadala. Ni ya kuweza kuendelea kukaa.

Lakini kilichonifanya nimpigie simu rafiki yangu ni maembe. Mbele kidogo Milinda anarudia wasiwasi wake: kama anayezaliwa upya si yuleyule, si ameponyoka matendo yake mabaya? Nagasena anamletea kesi. Mtu kaiba maembe. Kaletwa mbele ya mfalme, anajitetea: maembe aliyopanda huyu bwana ni mengine, niliyochuma mimi ni mengine. Je, ana hatia? Mfalme hasiti: ana hatia, kwa kuwa maembe haya yametokana na yale.

Umeona alichofanya? Gari lilivunja umoja wa nafsi. Embe linaurudisha uwajibikaji bila kuirudisha nafsi. Kinachobeba deni si kitu kimoja kisichobadilika. Ni mfululizo. Kwa hoja hiyohiyo anataja mtu aliyenunua chungu cha maziwa, akakiacha kwa mchungaji, kesho yake akakuta mtindi, akaanza ugomvi kwamba yeye hakununua mtindi. Sisi tunaojua kutengeneza samli hatuhitaji mwanafalsafa: samli si maziwa, lakini hakuna samli iliyoanguka kutoka mbinguni. Kwa maoni yangu hapa ndipo kitabu kinapofikia kilele, na inasikitisha kwamba wengi husimulia gari wakaacha maembe. Gari bila maembe ni kisingizio. Dawa ya deni ni kulipa, hata kama aliyekopa ni maziwa na anayelipa ni mtindi.

Kuna jambo moja zaidi, na nililiona nilipokisoma mara ya pili. Nagasena anasema "hakuna mtu hapa" akijielekezea mwenyewe kidole, mbele ya mtawala anayeweza kumuua. Anayasema maneno yanayoweza kumgharimu. Haambii mkopeshaji, haambii mwenye shamba la maembe. Baada ya duru ya kwanza anamwekea mfalme sharti: tutaendelea ukibishana kama wenye hekima, ambao hufunguliwa mafundo bila kukasirika, si kama wafalme, ambao humwadhibu anayepingana nao. Milinda anakubali. Kwangu hiyo ndiyo taamuli halisi ya kitabu. Mfalme anaweka ufalme pembeni, anabaki mtu anayeuliza. Fundisho hili ni kioo cha kujitazamia. Ukimgeuzia mwenzako linakuwa ngao ya mwizi.

Nilimwambia rafiki yangu habari za maembe. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Hiyo sehemu sikuisikia." Deni hajalimaliza. Ila mwezi uliopita alituma kidogo, bila mahubiri. Nami nikajikuta na swali nisilolipenda: kama aliyekopa si yuleyule, mbona mimi bado naitunza hasira ya yule aliyekopesha, kama mali ya urithi? Maembe hayanijibu. Gari labda linanijibu.

Kitabu kinasema mwishoni Milinda alimwachia mwanawe ufalme akaingia utawani. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, anasimulia vingine: mfalme alifia kambini, miji ikagombania mabaki yake, mwishowe ikagawana majivu na kila mmoja ukajenga kumbukumbu. Sijui kama Plutarch aliwahi kusikia habari za Nagasena. Lakini najua mtawa angewauliza nini wale wenyeji, kila mmoja na fungu lake la majivu mkononi: Menander ni lipi?