Hesabu ya Kutoa kwa Haki

Mita ya saa iliyofungwa kwenye greda haijui mwezi. Haijui Ramadhani wala Krismasi, wala haijui kwamba mhasibu hufunga vitabu tarehe ya mwisho. Injini ikiwaka inahesabu, injini ikizimwa inasimama pale ilipofika. Miaka inapita na namba ni ile ile moja, inapanda tu, na ndani yake mmejaa kila siku ambayo mashine ilifanya kazi. Mwandishi wa skripti ya kompyuta anapewa namba hiyo na swali fupi la mkuu wa karakana: mwezi uliopita greda hili limetumika kiasi gani?

Aliyewahi kulipa ankara ya maji anajua njia. Chukua usomaji wa sasa, toa usomaji uliopita, kinachobaki ni matumizi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Lakini nimewaona watu wenye shahada wakitoa majibu ya aibu kwa hesabu hiyo hiyo, na nimewaona wengine, wapole na makini, wakiifanya vizuri kiasi kwamba hakuna aliyegundua kuwa kuna kazi imefanyika. Hao wa pili ndio ninaotaka kuwasifu.

Nianze na mita yenyewe, maana aliyeamua ihesabu kwa kulimbikiza alifikiri mbali. Kama greda lingetuma kila jioni saa za siku hiyo tu, basi siku mtandao usiposhika huko porini, saa zake zimekwenda na hazirudi. Mita limbikizi haina hasara hiyo. Usomaji wa Jumanne ukipotea, wa Jumatano unakuja na saa zote. Tunachokosa ni kujua zipi zilikuwa za Jumanne. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 15143-3, kinachopanga jinsi mitambo ya ujenzi inavyopeleka taarifa zake ofisini, kinabeba saa za injini, saa za kuunguruma bila kazi na mafuta yaliyotumika kama jumla zinazoendelea kupanda. Humo humo unapata ukaguzi wa bure: maadamu mita haijabadilishwa wala kurudi mwanzo, tofauti zote za miezi yote ukizijumlisha, lazima zilingane na usomaji wa mwisho ukitoa wa kwanza. Zikipishana kwa saa moja tu, skripti imepoteza kitu au imebuni kitu. Skripti isiyofanya ukaguzi huo mimi siiamini, hata iwe imeandikwa na nani.

Kinachofuata ni mpangilio. Kwenye SQL, lugha ya hifadhidata, kuna LAG; kwenye pandas, maktaba ya Python ya kuchakata data, kuna diff. Ya kwanza inauleta mstari uliotangulia karibu na huu, ya pili inautoa papo hapo. Lakini mstari uliotangulia ni wa nani? Tuseme usomaji wa mwisho wa greda la kwanza ni 9,124, na usomaji wa kwanza wa greda la pili ni 9,310. Usipoiambia programu igawe data kwa mashine kwanza, itatoa namba ya jirani na kukuletea saa 186. Itazame namba hiyo. Ni mwezi mzuri wa kazi, hakuna mkuu wa karakana atakayeinua nyusi. Kosa linaloleta jibu la ajabu hujitangaza lenyewe. Hili linavaa nguo za heshima na kukaa mezani na wengine. Fundi mzuri anagawa kwa mashine, anapanga kwa tarehe, na mstari wa kwanza wa kila mashine anauacha wazi, kwa kuwa kabla yake hakuna cha kutoa. Kuweka sifuri pale ni kudai kwamba mashine ililala, na hilo hatulijui.

Sasa tufike mpakani, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ni mara chache mtu husoma mita usiku wa manane wa kuamkia tarehe mosi. Usomaji mmoja ulifanyika Januari 28 saa 12 jioni, mita ikiwa 4,812.4, uliofuata ni wa Februari 3 saa 12 jioni, mita ikiwa 4,860.4. Saa 48 za injini zimekaa juu ya mpaka wa miezi miwili. Mvivu anazipa zote Februari, kwa sababu tarehe ya usomaji ndiyo iliyo mbele ya macho yake. Mwenye subira anapima: kutoka usomaji wa kwanza hadi wa pili ni saa 144 za ukutani, na 78 kati ya hizo ziko Januari. Basi Januari ipate saa 26 za injini na Februari 22. Akiijua kambi vizuri ataenda mbele zaidi: kama Jumapili greda haliwashwi, Jumapili isipewe kitu. Na kama saa za data zimeandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, atakumbuka kuwa Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 3. Asipokumbuka, mwezi wake utaanza saa tisa usiku, na zamu ya usiku ya kwenye machimbo itahesabiwa nusu huku, nusu kule.

Halafu inakuja siku namba inashuka. Jana 11,947, leo 3. Wapo wanaoficha tofauti hasi kwa kuandika sifuri na kuendelea na maisha. Huo ni uongo. Tofauti hasi ni habari: huenda fundi amebadilisha mita, na saa zilizofanywa kati ya usomaji wa mwisho na kufunguliwa kwa mita ya zamani zinapaswa kutafutwa kwenye daftari la karakana. Mita nyingine ina tarakimu tano tu, imefika 99,999 na kurudi mwanzo. Hapo kutoka 99,981 hadi 14 ni saa 33 kamili, wala hakuna kilichopotea. Alama ya hasi ni moja, majibu ni mawili, na skripti peke yake haiwezi kuchagua. Lazima mtu aulizwe.

Kugawanya nako kuna mtego. Saa 130 za mwezi wa siku 30 ni asilimia 18 ukizilinganisha na saa zote 720 za kalenda, na ni asilimia 62.5 ukizilinganisha na zamu 26 za saa 8. Zote ni kweli, ila moja inaweza kumfanya mkurugenzi auze mashine. Kipimo kiandikwe juu ya safu, wazi. Na asilimia zisitafutiwe wastani kama alama za mtihani: mashine iliyofanya saa 180 kati ya 200 na nyingine iliyofanya 5 kati ya 50 hazifanyi asilimia 50 kwa pamoja. Jumlisha saa zilizofanywa, jumlisha saa zilizokuwepo, kisha ugawanye: 185 kwa 250 ni asilimia 74.

Watu wanaishi chini ya namba hizi. Huduma ya injini mara nyingi hupangwa kila saa 250, na saa zikiingia mwezi usio wake, oda ya oili na filta nayo inakuja kwa wakati usio wake. Opereta anaulizwa kwa nini Februari alizembea, kumbe saa zake zimesomwa Machi. Kwa hiyo ripoti ninayoiheshimu huwa na safu mbili: saa zilizopimwa na saa zilizokadiriwa. Zile 26 za Januari zinakaa kwenye safu ya pili, pamoja na tarehe za usomaji uliozizaa, ili mhandisi mwenye shaka ampigie opereta simu na kumuuliza kama Januari 30 mvua ilinyesha na greda likashinda limezimwa.