Mbega Asiye na Kidole Gumba

Atokaye Arusha kwa barabara ya Moshi, akishaipita Usa River, hufika Maji ya Chai, mahali palipopewa jina kwa rangi ya mto wake. Maji ya upande huu wa Mlima Meru yana floraidi nyingi, na wenyeji wengi hutambulikana ugenini kwa meno yao ya kahawia. Vitambaa vya kudarizi nilivyovikuta katika nyumba za huko navyo vina wekundu hafifu wa chai, uwe umetokana na maji ya kufulia au na moshi wa kuni. Ndivyo ninavyovipenda. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikivikusanya, hasa vile vya zamani vilivyodariziwa kwa sufu, na leo nataka kuvisema kama ambavyo wengine husema vitabu au michezo ya kuigiza: kipi ni kizuri, kipi ni kibaya, na kwa nini.

Msomaji aliyezaliwa kabla ya televisheni kuenea anavijua bila kuelezwa. Ni kipande cha marekani, au mfuko wa unga wa ngano uliofumuliwa na kuchemshwa mpaka maandishi ya kiwanda yakafifia. Katikati kuna picha: tausi, shada la waridi, birika na vikombe, swala wawili wakitazamana. Juu au chini pana maneno, mengi yao "Karibu Mgeni", na kwenye foronya "Lala Salama". Pembeni pana urembo wa kroshia. Wake wa wamisionari waliwafundisha wasichana sindano, kisha shule, kisha vyama vya akina mama vya miaka ya 1950. Mchoro ulihama kutoka nyumba hadi nyumba kwa karatasi ya kaboni. Jirani akikopesha tausi wake siku ya Jumamosi, mwezi ujao kitongoji kizima kina tausi.

Hapo ndipo wenye elimu ya sanaa wanapovidharau. Husema kwamba kazi ya kunakili si sanaa. Mgeni akishuka Arusha huonyeshwa vinyago vya Kimakonde, batiki, na picha za rangi za mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Sijapata kumwona mgeni akipelekwa kutazama kitambaa cha ukutani. (Na tuseme kweli: wachoraji wengi wa Tingatinga nao hunakiliana, tena mchana kweupe, wala hakuna anayewanyima jina la usanii. Lakini wale wengi wao ni wanaume, na kazi yao inauzwa kwa dola.)

Hukumu hiyo si ngeni. Mapema katika karne ya 19 wachapaji wa Berlin walianza kuuza michoro ya rangi iliyopigwa kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa mshono mmoja, ili mwanamke yeyote mwenye sindano, turubali ya matundu na sufu aweze kuhesabu na kujaza. Ulaya na Marekani zikafurika waridi, kasuku, mbwa na watu wa Biblia. Ilipofika miaka ya 1870 wapenda sanaa wa London walikwisha kuichoka. Shule ya Kifalme ya Udarizi wa Kisanaa ilianzishwa huko mwaka 1872, na kazi ya Berlin ikageuka mfano wa jambo lisilo na ladha. Leo picha hizo hizo hutafutwa na wakusanyaji. Kilichowabadilisha mawazo, kwa maoni yangu, si uzee wa picha peke yake. Ni kwamba ukizipanga kumi za mchoro mmoja, unaona wanawake kumi. Mmoja amechoka alipofika kwenye majani. Mwingine amemaliza rangi ya bluu na kutia kijani bila haya.

Basi kanuni yangu ya kwanza ni kugeuza kitambaa na kutazama mgongo wake. Upande wa mbele ni adabu za sebuleni. Mgongoni ndiko mwenye kazi anakozungumza. Huko utaona mafundo, utaona uzi ulioruka kutoka ua hadi ua kwa ubahili au kwa haraka, utaona rangi halisi kabla haijapaushwa na jua. Ninacho kimoja cha waridi ambazo mbele zimefifia kuwa kama majivu. Mgongoni ni nyekundu ya kutisha.

Kanuni ya pili ni rangi. Wanaokusanya kazi za Berlin hujua kwamba zambarau inayopiga kelele haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1856, pale kijana wa Kiingereza William Perkin alipoigundua rangi ya kwanza ya aniline. Sisi tuna kalenda yetu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 maduka yalikauka, na uzi wa kudarizi ulikuwa kama dhahabu. Akina mama wakafumua sweta za watoto zilizokwisha kuwa ndogo. Ndiyo maana ninavyo vitambaa ambamo tausi ana rangi ya sare ya shule, bluu nzito toka kichwani hadi mkiani, na sufu yake ina mawimbi madogo ambayo hayanyooki hata ukiipiga pasi, kwa kuwa inakumbuka ilivyofumwa mara ya kwanza. Baada ya biashara kulegezwa mwaka 1984, na mitumba kurudi, rangi zikachangamka ghafla. Kwa jicho langu ubora ulishuka. Tausi wa rangi saba ni rahisi kumsahau. Yule wa sare ya shule bado ananitazama.

Nakiri kwamba kanuni hizi zimewahi kunipotosha. Nilikataa kitambaa kilichoandikwa "KARIBU MGE", na "NI" ikiwa imebanwa chini ya kona kwa herufi ndogo, kwa sababu mwenye kazi hakupima nafasi. Nilikiona kibovu. Nilichonunua siku hiyo kilikuwa kimepimwa barabara, nami sikumbuki hata kina picha gani. Kile cha "NI" iliyobanwa nimekitafuta mara mbili na kuambiwa kilifanywa kishikio cha sufuria.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la mbega. Katika nyumba moja iliyo juu ya barabara, kwa bibi mmoja mjane, niliona kitambaa ambacho mchoro wake wa asili niliujua: ule wa kulungu wa Ulaya mwenye pembe kama matawi, amesimama chini ya mti. Bibi huyu alikuwa ameuacha mti, akaupa majani mapana ya mringaringa, na kumfukuza kulungu. Mahali pake alimkalisha mbega, mweusi kwa mweupe. Vazi jeupe la mabegani lilikuwa limelazwa kwa mishono mirefu isiyokazwa. Mkia haukushonwa kabisa: ni shungi la sufu nyeupe lililofungwa kwa juu na kuachwa lining'inie, hata mlango ukifunguliwa linatikisika. Sijaona jambo la ujasiri kama hilo katika kazi ya mwingine yeyote.

Lakini mkono ulioshika tawi ulikuwa na vidole vinne tu. Nikaandika katika daftari langu kwamba mwenye kazi ameishiwa sufu nyeusi, au subira. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Ngurdoto, ndani ya Hifadhi ya Arusha, mwendo mfupi tu kutoka hapo, na askari wa wanyamapori akatuonyesha kundi la mbega juu ya miti. Akasema jambo ambalo vitabu navyo vinalisema: mbega hana kidole gumba; ana vidole vinne, basi. Nilikaa kimya ndani ya gari mpaka lango kuu.

Mabaharia wa Kiingereza wa katikati ya karne ya 19 walidarizi merikebu zao kwa sufu wakiwa safarini, na husifiwa kwa kuwa kila kamba ipo mahali pake. Waliijua merikebu kwa viganja vyao. Bibi huyu alimjua mbega kwa namna hiyo hiyo, na mimi, mhakiki, nilimpunguzia alama kwa ujinga wangu mwenyewe.

Nikarudi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, umekuja tena kwa tumbili wangu?" Nilimweleza kuhusu vidole. Akanitazama kama mtu anayeelezwa kwamba ng'ombe ana kwato. Nikataja bei, bei nzuri, na akaanza kukitoa kwenye misumari. Kisha akauliza nitakitundika wapi. Nikamjibu kweli: navihifadhi ndani ya sanduku, na vidonge vya kuzuia nondo, mbali na jua.

"Sandukuni?" akasema. "Atamkaribisha nani huko?" Akakirudisha kwenye misumari yake, juu ya redio.

Wadudu wamekwisha kula sehemu ya mkia, na hilo nililisema kwa uchungu wa mkusanyaji. Yeye akaniomba tu nikija tena nimletee sufu nyeupe. Nilitafuta Arusha nzima nikapata uzi wa dukani, usio wa kondoo, mweupe wa kung'aa, usioafikiana hata kidogo na ule wa zamani uliokwisha kuwa rangi ya chai. Nilijua kwamba ningekuwa naharibu kitu cha thamani. Niliupeleka. Aliufunga pale pale, akanipa chai, akafungua mlango ili nione mkia ukitikisika.