Gramu 12 Mgongoni mwa Droni

Tangu Aprili 21, 2021, rubani wa droni mwenye cheti nchini Marekani haombi tena kibali maalumu ili tu arushe usiku. Mamlaka ya anga ya huko, FAA, imemwekea sharti ambalo ukilisoma haraka linaonekana jepesi: droni iwe na taa ya kuzuia mgongano inayoonekana umbali wa maili 3, yaani kilomita 4.8, na taa hiyo imweke kwa kasi inayotosha kuepusha ajali. Rangi haikutajwa. Idadi ya mimweko kwa dakika haikutajwa. FAA yenyewe haiidhinishi taa yoyote ya droni ndogo, na kazi ya kuhakikisha kwamba maili 3 ni maili 3 kweli ameachiwa rubani.

Mwanya huo umejaza soko vimulimuli vya ukubwa wa kidole gumba, kila kimoja kikiwa na maneno "maili 3" kwenye boksi. Baadhi vinafanya kazi. Vingine, ukivibandika kama picha ya kwenye boksi inavyoonyesha, vinamulika mawingu. Ukichunguza utaona tofauti haiko sana kwenye nguvu ya taa. Iko kwenye upande ambao taa imeelekezwa.

Tuanze na mwanga wenyewe. Mabaharia walishaipigia hesabu shida hii zamani. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zina fomula inayoeleza taa ya chombo iwe na nguvu gani ili ionekane umbali fulani usiku wenye hewa safi: maili 2 za baharini, kandela 4.3, maili 3, kandela 12. Maili inazozitaja FAA ni za nchi kavu, fupi kuliko za baharini, na ukiingiza kilomita 4.8 kwenye fomula hiyohiyo unapata kandela 8.3. Kandela moja ni kama mwanga wa mshumaa mmoja. Mishumaa minane na kitu, basi, na wengi wakifika hapo hudhani kazi imekwisha.

Haijaisha, kwa sababu hesabu hiyo ni ya taa inayowaka mfululizo, na droni inatakiwa imweke. Sababu ya kumweka inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimama kando ya Ziwa Tanganyika au Victoria usiku usio na mwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini na taa zao. Taa ya droni inayowaka bila kukatika hapo ni taa moja zaidi kati ya mamia. Tena taa moja iliyotulia gizani hulaghai macho: ukiikazia kwa muda unaanza kuiona inatembea, ilhali imetulia palepale. Mmweko huondoa utata huo, na huokoa betri.

Lakini mmweko una gharama yake. Wafaransa Blondel na Rey walionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba jicho halipati muda wa kuupokea mmweko mfupi wote. Chukua muda wa mmweko kwa sekunde, ugawe kwa muda huohuo ukiongezwa 0.2, hiyo ndiyo sehemu ya mwanga ambayo jicho linaihesabu. Mmweko wa sekunde 0.05 unahesabika kama moja ya tano tu ya nguvu yake. Fomula hii si ya vitabuni tu, imo hata ndani ya sheria za Marekani za taa za ndege kubwa, ambazo hutakiwa kumweka kati ya mara 40 na 100 kwa dakika. Kwa droni, maana yake ni kwamba ili jicho lihesabu kandela 8.3, LED lazima ifyatue zaidi ya kandela 40.

Hizo zinapatikana bila taabu. LED nyeupe ya kawaida, ikilishwa miliampea 700, hutoa lumeni 200 hivi, na ukiitazama uso kwa uso ni kandela 64. Tatizo ni hilo la uso kwa uso. LED bapa isiyo na lenzi humwaga mwanga mwingi mbele yake, na kadiri unavyosogea pembeni ndivyo unavyofifia, mpaka ubavuni kabisa hakuna kitu. Sasa ibandike mgongoni mwa droni ikitazama juu, kama matangazo mengi yanavyofanya. Tuseme droni iko mita 100 kutoka ardhini na helikopta inakuja ikiwa mita 300 juu ya ardhi, bado iko umbali wa kilomita 4.8. Ukipiga mstari kutoka kwenye droni, helikopta hiyo haiko utosini hata kidogo. Iko digrii 2.4 tu juu ya usawa. Upande huo LED yetu inatoa kandela 2.7, na mmweko ukishaigawa kwa tano, inabaki nusu kandela. Tulihitaji 8.3.

Iinamishe LED hiyohiyo digrii 45 ikitazama mbele. Helikopta ileile, ikija kwa mbele, sasa inaelekezewa kandela 47, na baada ya kugawa kwa tano zinabaki 9.4. Umevuka mstari, ingawa kwa chupuchupu. Weka ya pili ikitazama nyuma, halafu fanya hesabu ya anayekuja kwa ubavuni: LED zote mbili kwa pamoja zinampa chini ya kandela moja ya kuhesabika. Hapo ndipo unapolazimika kuwa na nne, mbele, nyuma, kushoto na kulia, zote zikiwa na mwinamo uleule, na zote zimweke kwa pamoja. Zikipokezana, anayekuja kwa kona kati ya LED mbili atapata mwanga wa moja tu kwa wakati, kandela zipatazo 7 za kuhesabika, na hizo hazitoshi. Zikimweka pamoja anapata karibu mara mbili ya hizo.

Mwinamo wa digrii 45 si mtakatifu. Ukiilaza zaidi kuelekea usawa, kandela zinaongezeka kule mbali, lakini helikopta ikishakaribia na kuwa juu yako inaingia gizani. Mimi naona 45 ni suluhu ya haki. Kuna wanaofunika LED moja kwa kuba ya plastiki inayotawanya mwanga pande zote. Ni njia safi kwa macho, ila lumeni 200 zilizotawanywa hazina cha ziada cha kutupa, na fundi wa kuba lazima aanze na LED yenye nguvu zaidi.

Nne kwa miliampea 700 ni ampea 2.8 kila mmweko. Inatisha, ila ni kwa sekunde 0.05 tu. Kwa mmweko mmoja kila sekunde, wastani ni miliampea 140, na betri ndogo ya lithiamu-polima (LiPo) ya seli moja, ya miliampea-saa 250, inakwenda zaidi ya saa moja na nusu. Seli moja ina faida nyingine: volti zake 3.7 zinatosha LED nyeupe bila kifaa cha kupandisha volti. Saketi inabaki na kipima muda, transista na vizuizi vya umeme, basi. Taa itafifia kidogo betri ikielekea kuisha, kwa hiyo ijazwe kabla ya kila kazi. Usichukue umeme kwenye betri ya droni yenyewe. Droni za kisasa zinasimamia betri zao kwa kompyuta, na waya wa kuchomekea pembeni ni njia ya kutafuta matatizo.

Kifaa cha kupandisha volti nakikwepa kwa sababu ya GPS. Droni ndogo kama DJI Mini 2 hutulia karibu na ardhi kwa kutumia sensa za tumboni zinazotazama chini, na mtengenezaji anataka mwanga wa zaidi ya luksi 15 ili sensa hizo zifanye kazi. Usiku, mbali na taa za barabarani, huna luksi 15. Droni inabaki kuitegemea GPS peke yake, na antena yake mara nyingi iko juu, chini tu ya plastiki ya mgongo, palepale ambapo kila mtu anataka kubandika taa. Vibadilisha volti vya bei rahisi hutoa kelele za redio, na mawimbi ya setilaiti yakifika ardhini ni dhaifu mno, hayawezi kushindana nazo. Kipimo ni rahisi: droni ikiwa chini, motor zimezimwa, angalia idadi ya setilaiti kwenye skrini taa ikiwa imezimwa, iwashe, subiri dakika chache, angalia tena. Idadi ikishuka, sogeza saketi nyuma.

Dira nayo ina lake. Waya mmoja ulionyooka wenye ampea 2.8, ukiwa sentimita 5 kutoka kwenye dira, hutengeneza usumaku wa mikrotesla 11 hivi. Usumaku wa dunia kwa upande wa Dar es Salaam unazidi kidogo 30. Yaani kila mmweko unaivuta dira kwa nguvu ya karibu theluthi ya ile inayoisoma. Dawa haina gharama: waya wa kwenda na wa kurudi zisokotwe pamoja toka kwenye betri hadi kwenye LED, usumaku wa mmoja uufute wa mwenzake. Na vile vishikizo vya sumaku vinavyouzwa pamoja na baadhi ya vimulimuli viache dukani. Velkro ya kunata inatosha.

Uzito sasa. LED nne kwenye vibao vyake, betri, saketi, nyaya na velkro, kwenye mzani mdogo wa vito, ni gramu 12 hivi. Mini 2 ina gramu 249, na idadi hiyo haikuja kwa bahati: Marekani, anayerusha kwa kujifurahisha haandikishi droni isiyozidi gramu 250, na Ulaya nayo ina daraja lake la chini ya hapo. Watengenezaji hufukuzana na mipaka hii kwa gramu mojamoja. Mwaka 2019 DJI iliiuza Mavic Mini huko Japani ikiwa na gramu 199, kwa kuipa betri ndogo, kwa kuwa mpaka wa Japani wakati huo ulikuwa gramu 200. Ukiongeza gramu 12 una droni ya 261, na masharti yako yamebadilika kabla hujapaa. Angani gharama ni ndogo zaidi: nguvu ya kuelea inapanda kwa asilimia 7 hivi, na dakika 31 za kuruka za kwenye tangazo zinapungua kama 2.

Ulaya imekwenda njia yake kwenye rangi. Tangu Julai 1, 2022, droni za kundi huria zinazoruka usiku lazima ziwe na taa ya kijani inayomweka, ili walio chini, polisi wakiwemo, waitofautishe na ndege yenye rubani ndani. Kijani si chaguo baya, maana pembezoni mwa jicho lililozoea giza mwanga unaoonekana kirahisi zaidi ni ule wa nanomita 507 hivi, kijani kinachoelekea buluu, na nyekundu iko mbali na hapo. Ila usifunike LED nyeupe kwa plastiki ya kijani. Unatupa mwanga ambao betri imeshaulipia. Nunua LED ya kijani.

Yote haya ni kwa ajili ya wengine. Rubani mwenyewe ana haja tofauti: anataka kujua pua ya droni imeelekea wapi, na kimulimuli hakimwambii. Hapo ndipo desturi ya ndege na vyombo vya baharini inasaidia, nyekundu kushoto, kijani kulia, zikiwaka bila kukatika. Droni za DJI za Phantom ziliweka nyekundu kwenye mikono ya mbele na kijani nyuma, mpangilio unaomchanganya kila aliyezoea ndege za kawaida. Taa hizi hazihitaji nguvu. Kwa umbali wa mita 300, sehemu ya kumi ya kandela moja inaonekana vizuri. Vijicho viwili vya LED vya miligramu kadhaa vinamaliza kazi. Zibandike chini ya mikono, rubani azione. Kimulimuli kwa upande wake kizibwe kwa chini na pindo la utepe mweusi, kwa sababu mmweko mmoja usoni wakati wa kupaa unaharibu macho yaliyochukua nusu saa kuzoea giza.

Taa haimpi mtu ruhusa ya kuruka, na kwetu hilo ni la mamlaka za anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya. Lakini majaribio ya taa hayahitaji kuruka. Mapangaboi yatolewe, droni iwekwe juu ya paa, mmoja abaki nayo na mwingine aende, tuseme, ng'ambo ya ghuba, kilomita 4.8 zilizopimwa kwenye ramani, bila darubini na simu ikiwa mfukoni. Kwa kuwa mtazamaji naye yuko karibu usawa na taa, anaona kile ambacho rubani wa helikopta angekiona kwa mbali. Aliye juu ya paa aizungushe droni polepole mduara mzima. Mmweko ukipotea mahali fulani, mara nyingi ni betri iliyobandikwa juu kuliko LED na kuziba upande wake. Ishushwe nyuma ya mgongo, kisha izungushwe tena.