Mkono wa Fundi Huonekana Kwenye Kosa la Kwanza

Ukitaka kumtambua anayejua kujenga programu za Linux kutoka msimbo chanzo, usimwangalie wakati `make` inatiririka bila kikwazo. Hapo kila mtu ni fundi. Mwangalie skrini inapojaa makosa na yeye hajagusa kibodi bado. Anayeijua kazi hupanda juu, mstari kwa mstari, mpaka alifikie kosa la kwanza, maana mengi yaliyo chini yake ni matokeo tu. Asiyejua hunakili ule wa mwisho, `make: *** [all] Error 2`, ambao haumwambii lolote ila kwamba huko juu kuna kilichoharibika.

Ikiwa alitumia `make -j4`, kazi nne zilikwenda pamoja na makosa yamechanganyikana. Fundi mzuri hurudia polepole na kuhifadhi kila kitu: `make -j1 2>&1 | tee jenga.log`. Anaujua na mtego uliopo hapo. Shell sasa inaripoti hali ya `tee`, si ya `make`, kwa hiyo ukiunganisha `&& make install` mbele yake, itaendelea hata kama ujenzi umeanguka. Ndiyo sababu kwanza huandika `set -o pipefail`. Nikiona mstari huo kwenye skripti ya kijana, namheshimu kabla sijasoma mengine.

Mowlem hapa Nairobi, kama mitaa jirani ya Kariobangi South na Umoja, ina mitihani yake. Stima ikipotea katikati ya ujenzi, faili ya `.o` inaweza kubaki tupu huku ikiwa na saa mpya kuliko chanzo chake. `make` haichunguzi yaliyomo ndani ya faili. Hulinganisha saa zake tu, ndivyo ilivyofanya kazi tangu Stuart Feldman alipoitunga Bell Labs mwaka 1976. Basi huiruka ile faili tupu, ujenzi ukakwama mwishoni kwa malalamiko ya `file truncated`. Wengi hufuta folda nzima na kupakua upya, bando likaenda bure. Mwenye mkono mzuri huandika `find . -name '*.o' -size 0 -delete`, kisha `make`. Akishuku kuna faili zilizoandikwa nusu, hutumia `make clean`.

Kuna na saa yenyewe. Kompyuta ya mezani ya mtumba mara nyingi betri yake ndogo ya CR2032 imekufa, na kila stima inapopotea saa hurudi miaka nyuma. Hapo utasoma `Clock skew detected. Your build may be incomplete`. Ni onyo tu, ujenzi hausimami, na hapo ndipo ninapopima umakini wa mtu: je, aliandika `date`? Saa hiyo hiyo mbovu huifanya `curl` ikatae cheti cha tovuti kwa madai kwamba muda wake haujaanza. Anayeongeza `-k` ili apite amezima ukaguzi wa usalama kwa ajili ya betri. Sijui dalili mbaya kuliko hiyo.

Bando likiisha, au waifai ya ploti ikitaka uingie kwanza, kilichohifadhiwa kwa jina la `.tar.gz` huenda ni ukurasa wa wavuti. `tar` italia `not in gzip format`. Kabla ya kuilaumu, fundi huuliza `file` ile ni kitu gani hasa, kisha hulinganisha `sha256sum` na ile iliyotolewa na watunzi.

Kosa la `zlib.h: No such file or directory` ni jepesi: kwenye Ubuntu, kuwa na zlib hakutoshi, unahitaji `zlib1g-dev`, penye vichwa vinavyosomwa na kompaila. Na `[[: not found` hutokea kwa sababu `sh` ya Ubuntu ni dash tangu 2006, si bash. Neno `Killed` kwenye mashine ya RAM ndogo humaanisha kumbukumbu imekwisha, punguza `-j`.

Lakini `sudo` iangalie kwa makini. Anayeitumia kutibu kila `Permission denied` huacha faili za root ndani ya folda yake mwenyewe, na kesho `make` ya kawaida inagoma. Fanya `ls -l` uone mwenye mali ni nani. Kazi safi hujengwa kwa mtumiaji wa kawaida na huwekwa kwa `--prefix=$HOME/.local`, ambako kuiondoa hakugusi mfumo.

Mwisho, muombe maelezo yake kwa maandishi: toleo la programu, chaguo alizoipa `./configure`, paketi alizoongeza. Mpeleke kwenye kompyuta nyingine yenye folda tupu, umkabidhi karatasi hiyo peke yake. Programu ikijengeka bila kuongeza amri hata moja, mlipe anachodai.