Ukurasa unaokosekana katika hadithi za mainjenia wa ng'ambo

Wandugu, kuna aina moja ya maandishi ambayo imejaa katika simu zetu, na naona tuichambue kama tunavyochambua kitabu, maana watu wanaisoma kuliko kitabu na wanaiamini kuliko kitabu. Ni ushuhuda wa injenia wa mine aliyehamia ng'ambo. Umbo lake unalijua. Picha ya kwanza: uwanja wa ndege, valizi mbili. Picha ya pili: kofia ngumu, koti la rangi ya chungwa lenye mistari ya kung'aa, na nyuma lori ambalo gurudumu lake linamzidi mutu urefu. Katikati sentensi tatu: nilikuwa nyumbani bila kazi, nilithubutu, leo niko injenia Kanada. Halafu chini, mara nyingi, nambari ya WhatsApp.

Mimi ni mutu wa kilimo, si wa mine. Lakini nimesoma shuhuda nyingi za namna hii, maana marafiki waliosoma mine Lubumbashi wananitumia na kuniuliza, "Unaona wenzetu?" Naona. Na shida yangu si kwamba ni uongo. Nyingi ni kweli kabisa. Shida ni kwamba zinaruka ukurasa. Kati ya picha ya kwanza na ya pili kuna miaka, na ndani ya miaka ile njo kazi yote ilifanyika. Msomaji wa Mangobo anauza parsele ya familia akifikiri ananunua picha ya pili, kumbe amenunua ya kwanza tu.

Tuanze na lile neno lenyewe, "injenia". Huko Québec, ambako wengi wetu wanakazia macho kwa sababu ya Kifaransa, neno hilo si la kila mwenye diploma. Sheria inalilinda. Ili uitwe hivyo lazima uwe mwanachama wa Ordre des ingénieurs du Québec, na ukijiita injenia bila uanachama unaweza kushtakiwa na kulipishwa faini. Kwetu ni kinyume: ukitoka polytechnique, hata mama anayeuza mikate anakuita "Injenia" barabarani, na jina linakufuata mpaka kaburini. Kwa hiyo mutu akiandika "niko injenia Québec", kuna njia mbili za kumsoma. Labda alishapita kwenye Ordre, na hapo anatudai heshima na anatudai pia maelezo: ilimchukua muda gani? Ao anatumia neno kwa maana ya nyumbani, na kazi yenyewe ni ya fundi wa vipimo, ao msaidizi kwenye mashine ya kutoboa mwamba. Kazi hizo si za aibu. Lakini hadithi haisemi ni ipi kati ya hizo mbili, na mwenye kuuza parsele anahitaji kujua.

(Sisi wa kilimo tusicheke. Kuna pia Ordre des agronomes du Québec. Bila yenyewe hauitwi agronome, hata kama ulitoka IFA Yangambi na unaujua muhogo kuliko profesa wao.)

Kuna tena mchezo wa karatasi. Wizara ya uhamiaji ya Québec inaweza kukupa karatasi inayolinganisha masomo yako na masomo ya kwao. Ajansi zinaitangaza kama goli: "Diploma yako imetambuliwa!" Lakini karatasi ile ni maoni tu, inasema masomo yako yanafanana na kiwango gani cha kwao. Haikupi ruhusa ya kutia sahihi kwenye plani ya mine. Ordre wana uchunguzi wao wenyewe. Wanaweza kukuomba mitihani ao masomo ya kuongeza, kisha kuna kipindi cha kufanya kazi chini ya injenia mwenye haki ya kutia sahihi. Tena usifikiri kwamba kuongea Kifaransa kunatufanya sawa na Wafaransa. Mwaka 2008 Québec na Ufaransa zilitia sahihi mapatano ya kutambuliana ujuzi wa kazi, na mainjenia wa Ufaransa wakapata njia yao fupi. Sisi tunatembea kwa ile ndefu. Ushuhuda mmoja wa Mfaransa ukizunguka katika grupe letu, mnausoma kama wenu, kumbe hauwahusu.

Hata neno letu "licence" linatusumbua. Katika sistemu ya zamani ulifanya graduat miaka 3, halafu licence miaka 2, jumla 5. Ufaransa licence ni miaka 3. Na sasa LMD, ambayo ilianza kuenea kwenye vyuo vyetu mwaka wa masomo 2021-2022, imeleta kwetu pia licence ya miaka 3. Mutu anayefungua dosie yako kule Montréal anaona neno lilelile. Kama haukuambatanisha matokeo ya kila mwaka pamoja na masaa ya kila somo, atakuhesabia miaka 3, na hana ubaya wowote.

Ontario ni hadithi nyingine, na hapa lazima niwe mwenye haki: kuna habari njema ambayo shuhuda hazijaieleza vizuri. Kwa miaka mingi, ili upate leseni ya uinjenia kule, kati ya miaka 4 ya uzoefu walidai angalau mwaka 1 uwe wa ndani ya Kanada. Ulikuwa mlango wa ajabu: huwezi kupata kazi bila uzoefu wa Kanada, huwezi kupata uzoefu wa Kanada bila kazi. Mwaka 2023 waliondoa sharti lile. Mara moja ajansi zikaanza kuimba kwamba "sasa Kanada haiombi tena uzoefu". Sivyo. Uzoefu wa miaka 4 umebaki. Kilichobadilika ni mahali ambapo uliupata. Sasa wanaweza kuhesabu kazi uliyofanya Kolwezi ao Watsa, lakini lazima uithibitishe. Na kule Sudbury na Timmins, mutu anayetaka kushuka chini ya ardhi kama mchimbaji anapitia kwanza mafunzo ya lazima ya usalama, diploma yake iwe na ukubwa gani. Québec wana ya kwao vilevile.

Australia wanaweka jambo hili wazi zaidi. Nchi yetu haimo katika Mapatano ya Washington ya 1989, yale ambayo nchi zilizomo zinakubaliana kuhusu masomo ya uinjenia. Kwa hiyo Engineers Australia, chama kinachopima mainjenia wanaoomba viza ya ujuzi, kinamwambia mwenye diploma ya kwetu: tuandikie. Unaandika habari tatu za kazi ulizofanya wewe mwenyewe, kila moja kati ya maneno 1,000 na 2,500, kwa Kiingereza. Si "tulifanya", ni "nilifanya": nilihesabu nini, nilichagua nini, kitu gani kiliharibika na nilikitengeneza namna gani. Nikisoma masharti yale naona ni somo la uandishi. Wanaomba kwa lazima ule ukurasa ambao shuhuda za Facebook zinauruka. Kama kawaida, kuna watu wanaouza habari hizo zikiwa tayari, za kunakili. Chama kinachunguza, na aliyenakili anafungiwa mlango kwa muda. Dolari zimekwenda, na jina limechafuka.

Sasa ona jambo moja. Québec, Ontario, Australia: wote, kila mmoja kwa namna yake, wanauliza kitu kilekile. Ulifanya nini, wapi, chini ya nani, na huyo nani anaweza kujibu tukimwandikia? Diploma ni mwanzo wa maongezi tu. Na hapa njo hadithi zetu zinakosea kabisa, maana zinaonyesha kana kwamba vita iko mbele, kwenye ubalozi. Sehemu kubwa ya vita iko nyuma, hapa nyumbani.

Tuwe wakweli: nyumbani kuna mine. Mwaka 2024 Kongo ilipita tani milioni 3 za shaba, na kobalti yetu ni zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima. Kamoa-Kakula ilianza kutoa shaba Mei 2021. Karibu zaidi nasi, Kibali kule Haut-Uele inatoa dhahabu tangu 2013. Sasa kwa nini kijana wa mine anakaa miaka 3 na karatasi za stazi ya mwezi mmoja?

Zamani Gécamines, pamoja na mizigo yake yote, ilikuwa pia shule. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na injenia kijana alipitia humo akiwa na mkubwa wake, daftari lake na cheo chake. Mwaka 1990 mine ya Kamoto ilianguka, na kampuni ikaanguka nayo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioungwa mkono na Banki ya Dunia. Wakubwa waliokuwa wakifundisha waliondoka na ufundi wao. Makampuni yaliyokuja baadaye yalikuja na wakubwa wao, na watu wengi wa chini wanawachukua kupitia kampuni za katikati, ile tunaita sous-traitance. Mwaka 2021 shirika la RAID lilichunguza mine tano kubwa za shaba na kobalti, likakuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi wameajiriwa kwa njia hiyo.

Watu wakiongea juu ya sous-traitance wanaongea juu ya mshahara, na wana haki. Lakini kwa injenia kijana kuna hasara ya pili ambayo haionekani siku ile. Anafanya kazi ndani ya mine kubwa yenye jina, lakini barua yake ya kazi inatoka kwenye kampuni ndogo yenye ofisi ya chumba kimoja. Kontrati ya miezi 6 inaisha. Kampuni inabadilisha jina. Miaka 4 baadaye mutu wa Toronto anaandika imeili kuuliza, na imeili inarudi. Mkubwa aliyemwona akifanya kazi alikuwa wa mine kubwa, si wa kampuni yake, na alishahamia nchi nyingine. Kijana alifanya kazi kweli, jasho lilitoka kweli, na hana namna ya kuonyesha. Mwenzake wa Afrika Kusini, nchi ambayo imo katika yale Mapatano ya Washington tangu 1999, anafika kwenye dirisha lilelile akiwa amebeba karatasi zinazosomeka.

Kwa hiyo nikisoma ushuhuda, sasa namtafuta mtunzi katika mambo madogo. Anataja tarehe? Anataja kazi ya kwanza aliyoshika baada ya kushuka ndege? Anasema nani alimwandikia barua? Mmoja tu kati ya niliyopokea ulinipendeza, na haukuwa hata wa maandishi. Ulikuwa sauti ya dakika 11, rafiki wa rafiki, anaongea polepole, nyuma unasikia gari kwenye theluji. Anasema mwaka wa kwanza alipanga makartoni kwenye depo usiku. Anasema alichukua mafunzo ya kushuka chini ya ardhi, akafanya kazi ya mikono katika mine, na siku moja mkubwa wake alimwona anasahihisha hesabu ya baruti kwenye ubao. Akahamishiwa ofisi ya mipango, chini ya injenia mwenye leseni. Bado si mwanachama wa Ordre. Hajui kama atakuwa. Halafu anacheka na kusema kitu kilichomsaidia kuliko vyote ni daftari tatu alizojaza Kolwezi, na sahihi ya mkubwa mmoja Mzambia aliyemlazimisha kila Ijumaa aandike alichofanya.

Sauti ile haikupata moyo hata mmoja kwenye grupe letu. Siku ileile picha ya kofia ngumu ilipata mamia.

Simlaumu sana aliyepiga picha. Mutu aliyekula baridi miaka 2 ana haki ya kupiga picha siku moja akiwa amevaa vizuri, na familia ilimtuma, familia inataka kuona. Ninayemlaumu ni yule wa nambari ya WhatsApp, anayechukua picha ya mwenzake na kuifanya dirisha la duka. Tena nailaumu kidogo kamati yetu sisi wasomi, tunaoombana shuhuda kila mwezi wa kutoa diploma na hatumuulizi msemaji swali hata moja gumu. Tungemuuliza mgombea wa uchaguzi maswali zaidi.

Tena kuna watu ambao hawamo kabisa katika hadithi hizi: waliovuka mpaka wa karibu. Copperbelt ya Zambia iko ng'ambo ya Kasumbalesa tu, shaba ni ileile, mwamba ni uleule. Huko nako unahitaji kibali cha kazi, unahitaji kuandikishwa kwenye chama chao cha mainjenia, na unahitaji Kiingereza cha kuandika ripoti, si cha kusalimia. Lakini hakuna theluji nyuma ya picha, kwa hiyo hakuna anayeiweka. Nimeongea na mmoja aliyefanya Kitwe, na alichonieleza kuhusu ripoti za zamu kilikuwa na faida kuliko shuhuda kumi za Kanada.

Rafiki yangu mmoja, wa mine, yuko Banalia sasa, anapimia watu wanaotafuta dhahabu mtoni. Tangu mwezi uliopita ameanza kutafuta sahihi za miaka 3 aliyofanya Kolwezi kupitia kampuni mbili za katikati. Moja imefungwa. Ya pili wanamwambia arudi kesho. Mkubwa wake wa zamani alirudi China, na sasa anamtafuta kwa jina ambalo alilijua kwa kulisikia tu, halijui namna linavyoandikwa.