Baiskeli Isiyo na Keria

Kuna neno ambalo hakuna mtu amelifanyia uhakiki: "rahisi". Utalipata kwenye matangazo ya safari za baiskeli za milimani: njia rahisi, msitu wa tropiki, saa mbili hivi, wanaoanza karibuni. Neno hilo linapima vitu viwili tu, mlima na umbali. Mimi naishi Kaaga, Meru, karibu na Msitu wa Imenti, na nimeendesha huko mara za kutosha kukubali kwamba ni kweli. Ni rahisi. Udongo umeshikana, miti ya muuru imeziba jua, na ikifika Julai utavaa jaketi hata kama ikweta iko jirani.

Shida yangu ni ya msomaji. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nadharia usitarajie hapa. Lakini vitabu nasoma, na nikiliweka hilo neno kando ya vitabu vilivyoandikwa kuhusu misitu ya Mlima Kenya, linaanza kuyumba.

Anza na No Picnic on Mount Kenya. Januari 1943, Felice Benuzzi, Mwitaliano mfungwa wa vita katika kambi ya Nanyuki, alitoroka na wenzake wawili. Walipita msituni, wawili kati yao wakapanda hadi Lenana, halafu wote wakarudi kambini wenyewe. Ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Walihukumiwa siku 28 seli, wakakaa 7. Ni kitabu kitamu, na Benuzzi hajifanyi shujaa: njaa anaiandika, woga wa wanyama anauandika. Alichoka kukaa bure, akaenda kutafuta uhuru wa wiki mbili.

Sasa songa miaka kumi mbele. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitangaza misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua kuwa maeneo yaliyopigwa marufuku. Ukipatikana ndani, ungeweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Msitu ni ule ule. Mfungwa aliingia akatoka na hadithi. Mwenye shamba la pembeni akiingia, huenda asitoke.

Hapo ndipo Meja Mwangi anaposimama na Carcase for Hounds, riwaya ya 1974. Jenerali wake, aliyekuwa chifu kabla ya kuingia msituni, anaitwa Haraka, lakini jeraha linamlaza pangoni huku mvua ikinyesha, na hakuna anakoweza kwenda. Mwangi alizaliwa Nanyuki, na msitu wake haupendezi kwa picha. Umelowa, una njaa, unanuka. Nikimaliza kusoma, huwa natamani nguo kavu.

Kwa hivyo rafu yangu ina msitu wa kutoroka na msitu wa vita. Hakuna kitabu hata kimoja kati ya hivyo ambamo mtu wa hapa anaingia msituni kwa sababu ni Jumamosi na hana kazi. Halafu linakuja tangazo, linaruka yote hayo, linasema "rahisi". Siliombi tangazo lifundishe historia. Ninachokosa ndani yake ni watu. Kuna miti, ndege, hewa safi, labda ndovu kwa mbali. Hakuna anayeokota kuni. Hakuna anayechunga.

Juzi nilipishana na shosho aliyebeba kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Nilishuka nikampisha. Aliikagua baiskeli yangu mbele na nyuma.

"Keria iko wapi?"

"Haina, shosho."

"Sasa inabeba nini?"

"Inanibeba mimi tu."

Alicheka hadi akashikilia mti. Kwake, baiskeli ni Black Mamba: maziwa, nyasi ya ng'ombe, gunia la viazi, mgonjwa ikibidi. Isiyo na keria ni kama sufuria isiyo na chini. Swali lake limenisaidia kusoma kuliko maswali mengi ya darasani, kwa sababu ndilo la kuuliza maandishi ya starehe: hii inabeba nini?

Na jibu langu silionei aibu. Kijana wa Kaaga kuingia Imenti bila mzigo, bila panga, bila kufukuzwa na mtu, ni jambo jipya kwenye fasihi yetu, na hakuna aliyeliandika vizuri bado. Tumewaachia watu wa matangazo. Tunaandika Nairobi na matatu zake, tunaandika vita, tunaandika mazishi. Raha tunaiona nyepesi mno kuandikwa.

Basi nileteeni hiyo safari rahisi. Lakini aliyelipa getini awemo, na anayelipia kibali cha kuni awemo pia. Niambie uliposhuka ukampisha mtu, na mlichoambiana. Mwinuko wa njia unaweza kuuacha, nitauona mwenyewe nikifika.